MITI INAYOCHIPUA KUTOKA MIZIZINI, NA FAIDA YAKE KWA MKULIMA WA MWANZA

Mkulima akipita katika shamba lake mwezi wa Agosti, wakati ng'ombe wamekwisha kula mabua na miti ya pamba imeng'olewa na kuchomwa moto, huona nchi tupu mpaka kwenye majabali. Pengine husema, "Hapa hapana mti hata mmoja." Mara nyingi maneno hayo si kweli. Ainame atazame chini. Katikati ya madongoa ataona vijiti vyenye majani mawili matatu, ambavyo mwaka jana vilikatwa kwa jembe, na mwaka juzi vilikatwa kwa jembe, na katikati ya hapo vililiwa na mbuzi. Hayo si magugu. Ni miti, na mingine ina umri mkubwa kuliko mwenye shamba.

Ukitaka kujua kwamba mti wa namna hiyo u hai, kwaruza ganda lake kwa ukucha karibu na udongo. Ukiona rangi ya kijani chini ya ganda, una mti shambani mwako ambao hukuupanda, hukuununua, wala hutahitaji kuumwagilia maji.

MZIZI UNAVYOZAA

Kila mtu aliyelima migomba, kama wafanyavyo watu wa Bukoba na Ukerewe, anajua kwamba mgomba haufi kwa kukatwa. Mama hukatwa, na watoto wake husimama kandokando. Iko miti mingi ya porini yenye tabia iliyo karibu na hiyo, ila kwa namna mbili ambazo yafaa mkulima azitofautishe.

Namna ya kwanza ni kisiki kuchipua. Mti hukatwa, na machipukizi hutoka kwenye kisiki chenyewe, mengi kwa pamoja, kama nywele za mtu aliyeamka usingizini. Mjohoro, mkaratusi, mlama na mkwaju hufanya hivyo. Msonobari haufanyi hivyo hata kidogo, ukiukata umekwisha.

Namna ya pili ni mzizi wenyewe kuchipua mbali na shina. Mizizi ya miti hii hutambaa chini ya udongo, si kwenda chini sana, na mahali fulani hutoa kichipukizi kinachopanda juu hata kikawa mti kamili. Mkulima huona miti kumi imesimama kwenye mpaka wa shamba lake, akadhani ni mbegu kumi zilizoletwa na ndege. Kumbe akichimba atakuta imeshikana chini kama shanga kwenye uzi.

Kwa nini mzizi hukaa kimya miaka mingi, kisha ukachipua ghafula mti unapokatwa? Sababu ni hii. Ncha za mti, kule juu kwenye majani machanga, hutengeneza dawa ya namna yake ambayo wataalamu huiita oksini. Dawa hiyo hushuka kupitia shina mpaka mizizini, na kazi yake mojawapo ni kuyazuia macho yaliyo chini yasichipue. Mti ukiwa mzima, amri hiyo hufika kila siku. Mti ukikatwa, au ukiungua moto, amri hukoma. Hapo macho ya mizizini huamka, nayo hukuta akiba ya chakula iliyowekwa na mti kwa miaka mingi, na maji yaliyo mbali chini ambayo mizizi imekwisha kuyafikia.

Hiyo ndiyo sababu kichipukizi cha mzizi hukua upesi kuliko mche uliotoka kitaluni. Mche hufika shambani na mizizi ya urefu wa kiganja, ukiwa hauna akiba, na kiangazi chake cha kwanza ni vita na jua na mchwa. Kichipukizi kina mtaji wa mama yake.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba jeraha hufanya kazi kama kukata. Plau ikipita juu ya mzizi na kuuchubua, mahali palipochubuliwa huweza kutoa chipukizi. Kwa hiyo mkulima anayesema, "Kila nikilima vinazidi," asema kweli.

MTI WA NCHI ZA BARIDI

Katika nchi za baridi za Marekani, Ulaya na Asia uko mti uitwao aspeni, ambao umekuwa mfano wa tabia hii kwa wataalamu wa dunia nzima. Ganda lake ni jeupe, na majani yake hutetemeka hata upepo ukiwa mdogo, kwa kuwa kikonyo cha jani kimebapa wala si cha mviringo. Mbegu zake ni ndogo sana na huruka angani katika manyoya meupe. Mtu wa Usukumani angezitazama angedhani ni pamba iliyopeperushwa. Lakini mbegu hizo hufa upesi zisipopata udongo wenye unyevu, na kwa hiyo aspeni hutegemea zaidi mizizi yake kuliko mbegu.

Katika jimbo la Utah nchini Marekani uko msitu wa aspeni uitwao Pando, jina la Kilatini lenye maana ya "naenea". Una mashina yapata 47,000 katika eneo la hekta 43 hivi, yaani kama eka 106. Mashina yote hayo ni mti mmoja. Yametoka katika mizizi mamoja, yote ni ya jinsia moja, ya dume, na shina moja likifa jingine hushika mahali pake.

Twautaja mti huo kwa sababu ya shida yake. Pando inazeeka. Mashina makuu yanakufa na watoto hawaonekani katika sehemu kubwa ya msitu. Mizizi haijachoka, inachipua kama kawaida. Lakini paa wakubwa wa porini na ng'ombe hula kila kichipukizi kabla hakijafika kimo cha mtu. Mahali palipozungushiwa ua madhubuti, watoto wamesimama tena. Mkulima wa Kwimba au Magu hana haja ya kuambiwa zaidi: mizizi yenye nguvu kuliko zote duniani haimshindi mnyama anayerudi kila siku kula.

MITI YA KWETU

Mtundulu, ambao kwa Kiswahili huitwa pia mkulagembe, ndio unaojulikana zaidi kwa kuchipua mizizini. Jina hilo la Kiswahili lenyewe linatosha kueleza jinsi wakulima walivyoutazama mti huu. Una miiba, na katika malisho yaliyochungwa kupita kiasi hufanya kichaka kisichopitika. Hata hivyo usiulaani wote. Kuni zake ni kali na huwaka muda mrefu, nguzo zake hazioozi upesi, na maganda ya mbegu zake huliwa na mbuzi na ng'ombe wakati wa kiangazi hakuna majani mengine. Ni wa jamii ya mikunde, tena. Ila ng'ombe hao hao huzitawanya mbegu kwa kinyesi, basi usistaajabu ukiuona umeota zizini.

Mpingo, ambao Wasukuma huuita mgembe, nao huchipua kutoka visiki na mizizi. Hukua polepole mno, na mtu anayeuachia leo anamwachia mjukuu. Mvule, ambao mbao zake hupendwa na wajenzi wa mashua katika mwambao wa Ziwa, huchipua kutoka mizizini pia, na huweza hata kupandwa kwa kipande cha mzizi. Hapa pana jambo la kuangaliwa: mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Machipukizi ya mvule dume yote ni madume, na hayatazaa mbegu kamwe. Pia miche ya mvule hushambuliwa na mdudu mdogo anayefanya majani kuvimba vinundu, na wengi waliojaribu kuipanda wamekata tamaa.

Mninga, katika mapori ya Geita na Kahama, una tabia yake peke yake. Mche wake huota masika, na kiangazi shina hufa lote. Mwaka wa pili huota tena na kufa tena. Miaka kadhaa hupita hivyo, na mtu asiyejua husema mti huu ni dhaifu. Kumbe wakati wote huo mzizi unanenepa chini, na siku ukitosha, shina hupanda moja kwa moja lisirudi nyuma. Akili ya mninga ni kama ya mtu anayechimba msingi kabla ya kununua bati.

Mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, huchipua mizizini hasa ukichubuliwa. Minyaa inayofanya ua wa miji yetu Usukumani si ya hesabu hii, kwa kuwa huota kwa kipande cha tawi. Lakini yafaa kwa kuyakinga machipukizi, kama tutakavyoeleza. Utomvu wake usiingie machoni.

Mpingo, mninga na mvule ni miti iliyohifadhiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kabla ya kuikata, hata ikiwa imeota shambani mwako, mwone Afisa Misitu.

MAMBO YALIYOPATA KUTOKEA

Nchi ya Usukumani haikuwa tupu siku zote. Tangu miaka ya 1920 mapori makubwa ya upande wa Shinyanga yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, na ng'ombe wakaongezeka. Kabla ya hapo, na hata wakati huo, wazee walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho ilifungwa wakati wa mvua, isiguswe, ikafunguliwa kiangazi majani ya mahali pengine yalipokwisha. Shabaha ilikuwa majani ya ng'ombe, hasa maksai, wapate nguvu za kulima mvua za kwanza zikinyesha. Miti ilikuwa faida ya ziada. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa mbali na nyumba, zikakosa mwangalizi.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walitegemea sana miche ya vitalu. Baadaye walitambua kwamba mahali palipofungwa kwa desturi ya wazee, miti ilirudi yenyewe bila kupandwa, kwa sababu visiki na mizizi vilikuwa bado chini. Mradi ulipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hakuna kitalu cha serikali kinachoweza kutoa miche ya kujaza eneo kama hilo, na hata kama kingeweza, nani angeimwagilia?

Mambo kama hayo yalionekana mbali na hapa pia. Katika nchi ya Niger, upande wa Maradi, Mwaustralia aitwaye Tony Rinaudo alihangaika kwa miaka kupanda miche iliyokufa. Mwaka 1983 alitambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi na kuyatunza, na katika miaka ishirini hivi karibu hekta milioni tano zikapata miti. Hapa Tanzania kazi hiyo imefundishwa Dodoma na shirika la LEAD Foundation kwa jina zuri la Kisiki Hai.

JINSI YA KUFANYA SHAMBANI

Usianze na shamba zima. Anza na robo eka, au na mpaka mmoja, ujifunze tabia ya miti yako.

Kabla ya kulima, wakati wa kiangazi, zunguka na panga kali na vitambaa vya rangi. Tafuta visiki na machipukizi yaliyo hai. Amua ni yapi yatakayobaki. Katika shamba la mahindi au mtama, hatua kumi na tano mpaka ishirini kati ya mti na mti zatosha. Pamba hupenda jua, basi katika shamba la pamba acha miti mipakani na juu ya matuta makubwa ya kuzuia mmomonyoko, usiache katikati. Katika udongo wa kichanga wa miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, unaweza kuacha mingi zaidi, kwa kuwa udongo huo huchoka upesi na majani yanayoanguka huurutubisha. Katika mbuga za majaruba ya mpunga usiache kichaka cha miiba kilichosongamana hata kidogo. Kwelea kwelea hupenda kulala humo, na mwenye mpunga atakuchukia kwa haki.

Ukishachagua kisiki, utakuta machipukizi kumi au ishirini. Usiyaache yote, na usiache moja tu. Acha matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye nguvu, yaliyotoka chini karibu na udongo. Yanayotoka juu ya kisiki hung'oka kwa upepo. Mengine yakate. Yale uliyoyaacha, punguza matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya kimo, usizidishe, maana majani ndiyo yanayopika chakula cha mti. Kata kutoka chini kwenda juu ili ganda lisichanike. Halafu funga kitambaa. Kitambaa si pambo. Ni cha kumwonya mwenye plau, na mtoto aliyetumwa kuni, na mke au mume ambaye hakuwapo ulipochagua.

Kama ni machipukizi ya mzizi yaliyotapakaa, chagua lililo mahali unapopataka, mengine yakate kila unapopalilia. Usichimbe kuyafuata mizizi, kwa sababu kila jeraha huzaa mengine. Plau ipite mbali kidogo na mti, kama urefu wa jembe na mpini wake. Ukitaka, kinyume chake, kuzidisha mvule au mwarobaini, chimba kijifereji hatua chache kutoka kwenye shina mvua zinapoanza, uchubue mzizi mmoja kwa panga, ufunike udongo kidogo. Kikitoka kichipukizi na kuwa na mizizi yake mwenyewe, mkatie kitovu, mvua zinazofuata umhamishe.

Mwaka wa pili punguza tena, ukibakiza machipukizi mawili au matatu. Yale unayoondoa sasa ni fito na kuni ndogo. Kuni hizo si jambo dogo kwa mama anayetembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja, au kwa mkaangaji wa samaki anayenunua kila kuni kwa fedha taslimu. Baadaye bakiza moja au mawili yawe nguzo au boriti. Ukivuna moja acha jingine likue, na kisiki kitakupa mengine.

Mtundulu uwekewe masharti. Katika shamba linalolimwa kila mwaka acha michache mpakani tu. Katika malisho uukate kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, maana ukiukata mara moja bila kurudi utakuwa umeupanda.

MBUZI NA MAJIRANI

Hapa ndipo kazi hii hushindwa, na si kwa kukosa maarifa. Mkulima mmoja akichagua machipukizi na kuyafunga vitambaa, kisha mavuno yakaisha na mifugo ya kijiji kizima ikaingia kula mabua kama ilivyo desturi, kazi ya mwaka huenda katika wiki moja. Ng'ombe hula mabua na huvunja machipukizi kwa kukanyaga. Mbuzi huyatafuta hasa machipukizi.

Kwa miti michache iliyo karibu na nyumba, zungushia matawi ya miiba, au panda minyaa kuizunguka. Kwa shamba zima njia hiyo ni ghali kwa nguvu. Lazima watu wapatane. Zungumzeni katika mkutano wa kitongoji kabla ya mavuno, si baada ya hasara. Mahali palipo na dagashida na sungusungu, wao ndio waliolinda ngitili za Shinyanga vizuri kuliko karatasi yoyote, kwa sababu faini yao ilijulikana na ililipwa. Kijiji pia kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zake, zikapitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Maneno ya kuandikwa yawe machache: mifugo iingie mashambani kuanzia tarehe gani, mbuzi wafungwe au wachungwe na nani, moto usiwashwe lini, na anayekata mti wenye kitambaa alipe nini. Mwenye mifugo mingi na asiye na shamba kubwa lazima awepo siku hiyo na asikilizwe, maana sheria iliyotungwa bila yeye ataivunja usiku.

Hatari ni kubwa mpaka kichipukizi kipite kimo cha mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma, yaani futi sita hivi. Kwa miti mingi ya kwetu yenye mizizi mikubwa, hiyo ni miaka miwili, pengine mitatu palipo na ukame. Kama kijiji hakiwezi kukubaliana kwa miaka mitatu, kikubaliane kwa kipande kimoja: mlima mmoja, au bonde la kijito kimoja kinachokwenda Ziwani. Kipande hicho kifungwe mvua za kwanza zikianza, na kwa miaka miwili ya mwanzo kikifunguliwa kiangazi waingie ng'ombe peke yao, wachungwe, watolewe majani yanapokwisha na kabla hawajageukia miti.